Mtandao Mtoro wa Timbwani

Katika miaka thelathini na minne ya kufundisha, Mwalimu Mwanarehema hakuwahi kuanza kipindi bila kuita majina. Mvua inyeshe, mkaguzi awe mlangoni, rejista ilifunguliwa kwanza. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Timbwani, Likoni, na rejista moja mpya isiyoandikwa kitu, akaiweka kabatini chini ya leso zake nzuri. Hakuiba. Mwalimu mkuu alimwambia achague ukumbusho, na wengine huchagua saa ya ukutani.

Miaka miwili ya kwanza ya kustaafu aliimaliza kwa kuwasahihisha watu. Alimsahihisha aliyeandika bango la kinyozi. Alimsahihisha mtangazaji wa redio kila asubuhi, ingawa mtangazaji hakumsikia. Alimsahihisha imamu, mara moja tu, kwa adabu, kupitia kwa mkewe. Mtaa ulimpenda na kumkwepa kwa kiasi kimoja. Bintiye Nadira, anayefanya kazi hotelini Doha, ndiye aliyeutambua ugonjwa wenyewe: mama yake alikuwa mwalimu asiye na darasa. Akamtumia laptopu, akamlipia waifai ya nyumbani, kisha akamtafutia shule moja ya lugha, ya huko Ulaya, inayofundisha kwa video na iliyokuwa ikitaka mwalimu wa Kiswahili.

Shule ilikubali kumjaribu. Ikampa mwanafunzi mmoja, Bwana Joakim wa Helsinki, mfamasia mstaafu wa miaka sitini na minane ambaye mwanawe alikuwa ameposa Kwale. Mzee alitaka kuja kuwaamkia wazazi wa binti kwa lugha yao, bila kuchekwa. Vipindi vya majaribio vilikuwa vitatu, Jumanne saa kumi jioni. Mwalimu akifaulu, angepewa darasa la watu wanane. Akishindwa, Bwana Joakim angehamishiwa kwa mwalimu mwingine, wa Nairobi.

Hilo la mwisho lilimkosesha usingizi.

"Nairobi!" alimwambia jirani yake Mwanarusi. "Mzee wa watu afunge safari yote hiyo, afike Kwale, amwambie mzee mwenziwe 'niaje'?"

"Posa itavunjika," alisema Mwanarusi.

"Itavunjika, na makosa yatakuwa yangu."

Kipindi cha kwanza Mwalimu alikaa mezani nusu saa kabla, amevaa buibui jipya na kujipaka manukato, kana kwamba Helsinki wangeyasikia. Bwana Joakim akatokea kwenye kioo, mweupe, mpole, ana miwani. Mwalimu akasema, "Rudia baada yangu: shikamoo." Bwana Joakim akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Ulibaki wazi dakika kumi na moja. Mwalimu alimsubiri, maana amewahi kuwa na wanafunzi wazito zaidi ya huyo, mpaka alipoona kwamba hata jicho halipepesi. Pembeni mwa kioo vile vijistari vya mtandao vilivyopinda kama nyusi vilikuwa vimebaki alama moja ya kuuliza.

Nadira alipiga simu jioni ile.

"Mama, umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima, nimeiwasha."

"Kile kisanduku cha waifai nacho?"

Kisanduku kilikuwa ukutani kule stoo, nyuma kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Mwalimu akazima swichi kubwa ya nyumba nzima na kuiwasha tena. Friji ikashtuka, saa ya jiko ikasahau wakati, na mpangaji wa chumba cha uani akatoka na povu la sabuni kichwani kuuliza kama kuna vita. Mtandao haukurudi.

"Tazama kama umebonyeza hali ya ndege, mama. Kuna kipicha cha ndege."

Kipicha kilikuwepo. Kilikuwa kimezimwa, na Mwalimu akakizima mara ya pili ili awe na hakika, kwa kuwa hakuwa na safari. Akauambia mtandao umsahau, kama alivyoelekezwa, kisha akaandika upya neno la siri lenye herufi kumi na sita ambazo hazikuunda neno lolote katika lugha yoyote, jambo lililotosha kumuudhi. Akaibeba laptopu chumba hadi chumba. Chumbani hakuna. Jikoni hakuna. Kwenye kizingiti cha mlango wa stoo kulitokea kijistari kimoja, kikamtazama, kikaondoka.

Ukipita miji mingi utaona kwamba kila mahali pana mtu wake wa kulaumiwa mtandao unapokatika. Kairo hulaumu serikali, Lisbon hulaumu kuta nene za mababu, Nairobi hulaumu kampuni. Timbwani huanza na jirani.

"Hilo ni jicho," alisema Mwanarusi. "Uliwaambia wangapi kwamba unafundisha mzungu?"

"Sikumwambia mtu."

"Uliniambia mimi."

"Basi jicho ni lako."

"Astaghfirullah, Mwalimu! Jicho langu lina mtoto wa jicho, litamwona nani?"

Mwalimu hakuamini mambo ya jicho, lakini aliamini sana wizi. Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la Luqman, na barazani kwake vijana walikaa kutwa wakiinamia simu kama watu wanaotafuta sindano. Akavuka.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Luqman akisimama, ingawa ana miaka arobaini na kitambi.

"Marahaba. Luqman, umekaa darasa langu miaka mingapi?"

"Mitatu, Mwalimu. La tano nililirudia."

"Na nilikufundisha kuiba?"

"Wallahi, Mwalimu, ile chaki aliichukua Menza!"

Ilichukua muda kumweleza kwamba chaki imesamehewa na kinachotafutwa ni waifai. Luqman akaapa kwa kila kitu kilichokuwa dukani, kuanzia unga hadi vibiriti, kwamba ana mtandao wake mwenyewe, na vijana wale wanauiba wake. Mwalimu akamtazama machoni. Miaka thelathini na minne humpa mtu kipimo, na kipimo kilisema Luqman anasema kweli.

Ikabidi kumwita fundi. Fundi ni Morgan, kijana wa Chaani, ndiye aliyefunga waifai yenyewe, na kampuni yake humpangia upande wa Likoni siku ya Jumamosi tu. Akavuka feri na begi lake, akaketi mezani, akafungua laptopu. Vijistari vyote vikasimama. Akafungua video, ikakimbia kama maji. Akaingia stoo, akakitazama kisanduku ukutani, akatoka.

"Mama, mtandao wako uko sawa kabisa. Hata kwangu haukimbii hivi."

"Jumanne ulikuwa umekufa."

"Labda siku hiyo uliamka vibaya."

"Mwanangu, mimi niliamka vizuri. Nakuuliza habari za mtandao."

Morgan akacheka, akanywa chai, akarudi Chaani. Jumatatu mtandao ukafa tena.

Hapo ndipo Mwalimu Mwanarehema alipofungua kabati, akazinyanyua leso, akaitoa rejista. Alichora safu kwa rula. Mahali pa jina la mwanafunzi akaandika: Mtandao. Kwanza akajaza siku zilizopita alizozikumbuka, tangu kisanduku kifungwe. Kila siku saa kumi jioni alikaa mbele ya laptopu na kuita mahudhurio, mstari kwa aliyekuja, duara kwa asiyekuja. Mahali pa maoni aliandika maoni. "Amechelewa." "Amekuja akaondoka bila ruhusa." "Mtoro, mzazi aitwe."

Jumanne ya pili ilikuwa ya aibu. Mwanarusi alijitolea simu yake ya kisasa igawe intaneti, maana simu ya Mwalimu ni ile ya tochi. Lakini Mwanarusi ana ndugu wengi, na kila ndugu mmoja alipompigia, Bwana Joakim alitoweka. Alitoweka kwa sababu ya shangazi, akarudi, akatoweka kwa sababu ya mjomba wa Msambweni, akarudi, akasema kwa huzuni "Habari ya...", akatoweka kwa sababu ya mtu aliyekosea namba. Bando likaisha hapo. Kesho yake shule iliandika barua yenye heshima, na heshima yake ndiyo iliyotisha. Mwanafunzi anakwenda likizo. Kipindi cha tatu kitakuwa baada ya majuma mawili. Simu hairuhusiwi tena. Hicho ndicho cha mwisho.

Majuma yale mawili Mwalimu alijaza rejista kama mtu anayeandika ushahidi wa mahakamani. Jumapili ya mwisho alimwita Mwanarusi.

"Keti. Sikiliza. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, yupo. Jumatatu, Jumanne, hayupo. Juma lililofuata, vilevile. Huyu anakuja mwisho wa juma tu, kama mume wa baharini."

"Ebu nisomee tarehe."

Likoni wako akina mama wasiokumbuka tarehe ya kuzaliwa kwao, lakini ukiwatajia siku yoyote watakuambia nani aliolewa siku hiyo na pilau ilikuwaje. Mwalimu akasoma.

"Tarehe nane, Jumamosi."

"Arusi ya Fancy. Mchele uliungua."

"Tarehe kumi na tano."

"Mtoto wa Mwarandu kaoa. Pilipili nyingi."

"Tarehe kumi na tisa. Hii ni Jumatano, peke yake. Katikati ya utoro wote, kaja."

Mwanarusi akafumba macho. "Kumi na tisa. Matanga ya Mzee Masha, Mungu amrehemu. Maharagwe na wali wa nazi, na mchungaji alihubiri mpaka chai ikapoa."

Wakatazamana. Hapakuwa na mstari hata mmoja katika rejista ile usiokuwa na arusi au maziko.

"Mwalimu," alisema Mwanarusi polepole, "mtandao wako unapenda pilau."

"Usinichekeshe. Ni kwamba watu wanakwenda shughulini, wanaacha simu, njia inakuwa tupu. Basi."

"Kwenye arusi watu wanaacha simu? Arusi ya nani hiyo?"

Mwalimu aliifunga rejista. Alihesabu siku. Jumanne haikuwa na arusi, na mtaani kila mtu alikuwa na afya, alhamdulillahi, ingawa alijikuta akiulizia hali ya Mzee Ruwa na kifua chake mara mbili kwa siku moja, na aliona haya.

Sasa lazima lielezwe lile ambalo Timbwani hakuna asiyelijua. Mwanarusi ni mwenyekiti wa Tuliza Moyo, kikundi cha akina mama cha kusaidiana katika raha na msiba, na Mwalimu ni mtunza vyombo wake kwa mwaka wa kumi na moja. Vyombo vyenyewe ni sufuria thelathini na mbili, ndogo yake inaoga mtoto na kubwa yake inaoga baba yake, pamoja na masinia sitini na mifuniko yake, vyote alumini, vyote vimepakwa rangi nyekundu chini: TM, na namba. Huazimwa na kila nyumba, ya msikitini na ya kanisani. Huondoka siku ya shughuli au mkesha wake, na ikiisha hurudishwa, huoshwa, hupangwa stoo kwa Mwalimu kutoka sakafuni hadi darini, maana kwake hakuna mwiko unaopotea. Morgan alifunga kisanduku siku ile ya arusi ya Fancy. Wenyewe walikuwa arusini, mpangaji akamfungulia, naye akakuta chumba kitupu, kisafi, chenye ukuta mzuri wa nyuma. Nani angejua?

Jumanne ikafika. Saa nane na nusu Mwalimu alikuwa mezani, buibui jipya, manukato, na vijistari pembeni mwa kioo vikiwa vimekufa kama kawaida. Mwanarusi akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Nakuja kuchukua namba saba, mkono wake umelegea, naipeleka kwa fundi. Endelea na kazi yako."

"Kazi gani?" alisema Mwalimu.

Stoo kukasikika vishindo, kisha mwanamke akiguna. Na laptopu ikalia. Ikalia tena, na tena, kama kengele ya baiskeli mikononi mwa mtoto, barua kumi na saba zikaingia moja juu ya nyingine, na vijistari viwili vikainuka.

Mwalimu akasimama. "Mwanarusi! Umefanya nini?"

"Abee! Mimi? Sijagusa kitu chako, nimetoa sufuria!"

"Irudishe."

"Niirudishe wapi?"

"Palepale. Irudishe!"

Chuma kikagonga chuma. Vijistari vikaanguka.

"Itoe!"

Vikainuka.

"Irudishe!"

"Mwalimu, hii sufuria ina uzito wa mbuzi!"

"Jaribio hufanywa mara tatu. Irudishe!"

Mara ya tatu ilipotoka, Mwalimu alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa stoo. Mahali pa namba saba palikuwa na tundu katika ukuta ule wa alumini, na ndani ya tundu, mbali, kijitaa kidogo cha kijani kilikuwa kikipepesa. Majuma mawili alikuwa akimwandikia mtoro, kumbe mtoto amefungiwa chumbani.

"Zote nje," alisema.

Mwanarusi akashika kiuno. "Leo Jumanne."

"Najua leo ni siku gani."

"Sufuria za Tuliza Moyo hazijatoka Jumanne bila mtu kufa. Watu watasema nini?"

"Waseme tunaziosha. Mwite Luqman."

Luqman alikuja, akaangalia chumba, akatamani lile darasa la tano. Wote watatu walibeba. Zilitoka kubwa, zikatoka ndogo, zikatoka masinia, zikapangwa uani mbele ya nyumba, zikimeta juani hadi mwisho wa uchochoro. Kisanduku chenyewe hawakukigusa, waya wake ulikuwa umepigiliwa misumari na muda ulikuwa umekwisha. Saa kumi kasoro dakika tano vijistari vyote vilisimama. Mwalimu akafuta jasho, akatoa amri ya mwisho.

"Mwanarusi, kaa mlangoni. Saa nzima sitaki sauti. Anayekuja, mnyamazishe. Wewe Luqman, rudi dukani, na mtu akikuuliza kitu, usiseme neno."

Luqman alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alirudi dukani akishika mgongo, uso umemkunjamana kwa maumivu, akafunga mlango nusu ili ajinyooshe. Mteja wa kwanza akamuuliza kuna nini kwa Mwalimu, sufuria zote ziko nje. Luqman hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, taratibu, akatazama chini.

Basi. Ilitosha.

Wa kwanza kufika alikuwa Dama, muuza vitumbua, aliyesomeshwa na Mwalimu miaka minne. Alikuja mbio na kanga kichwani, akamkuta Mwanarusi mlangoni ameweka kidole mdomoni.

"Ni Mwalimu?" alinong'ona Dama.

"Ni Mwalimu. Kimya."

Dama akaketi chini na kulia kwa kanga. Mwanarusi, alipoelewa, alishtuka, akamwinamia sikioni. "Dama wee, hajafa. Anafundisha."

"Ndiyo, mama," alisema Dama, akimpapasa mkono. "Atafundisha daima."

Wakaja wengine. Mikeka ikatandikwa. Mmoja akaleta sukari, mwingine kuni. Mwanarusi aliwaendea mmoja mmoja akinong'ona, maana kupiga kelele alikatazwa, na kila alichosema kilizidi kumharibia.

"Yu mzima! Ameoga mwenyewe saa saba, akavaa nguo mpya, akajipaka manukato, akaketi!"

Wanawake wakatazamana.

"Alijua," alisema mmoja. "Walimu hujua."

"Makiwa, Mwanarusi," walisema waliokuja nyuma yao, na Mwanarusi, ambaye tangu utoto hajaacha salamu bila jibu, alibaki amefumbua mdomo.

Ndani, Mwalimu Mwanarehema alikuwa katika saa bora ya maisha yake tangu astaafu. Bwana Joakim hakuganda. Alisema "shikamoo" mara saba, na ya saba ilikuwa shikamoo ambayo Kwale wangeipokea. Alijifunza kubisha hodi na kungoja. Alijifunza kwamba hapa mtu hasemi shida yake kabla ya kuulizia nyumbani, watoto, na kazi, hata kama shida yenyewe ni moto. Mwalimu alisikia sauti nje, lakini zilikuwa za chini, akaona Mwanarusi anafanya kazi nzuri.

Kisha chini ya dirisha mtu akaanza kumsifu marehemu.

"Alinichapa," sauti ilisema kwa kwikwi, "lakini alinichapa kwa haki. Mwanamke yule kafundisha miaka thelathini..."

Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyapita. Mwalimu akainua pazia.

"Na minne!" alisema. "Thelathini na minne!"

Kilio kilichopigwa kilisikika hadi ng'ambo ya njia. Dama alirukia ndani ya sufuria namba mbili, au alianguka, mwenyewe mpaka leo anasema aliteleza. Mwingine akaanza kusoma Yasini akiwa mbioni. Mwalimu akasimama dirishani na kuwatazama, mikeka, kuni, sukari, na hakuhitaji kuelezwa.

"Kaeni chini nyote!" alisema, kwa ile sauti. Wakakaa chini.

Kwenye kioo Bwana Joakim alikuwa amesimama, miwani mkononi, uso umempauka. Aliuliza kwa Kiingereza kama kuna hatari, kama apigie mtu simu. Mwalimu alimtazama, akatazama saa. Zilibaki dakika ishirini na tano. Angeweza kumwambia si kitu. Lakini huko nje palikuwa na wanawake ishirini na watatu waliokuwa wakijua kuamkia kuliko kitabu chochote, na wamekaa safu.

Akaibeba laptopu, akatoka nayo barazani. Vijistari havikutikisika.

"Bwana Joakim," alisema, "hawa ni majirani zangu. Walidhani nimekufa. Waamkie. Wako wengi, kumbuka nilivyokufundisha."

Mzee akavaa miwani. Akakohoa. "Shikamooni," alisema.

"MARAHABA!" Timbwani ikamjibu, na Helsinki mtu fulani hapana budi alifungua dirisha.

Baada ya hapo Mwalimu hakuwa na kazi ila kuelekeza. Wakamuuliza habari za nyumbani, akajibu njema. Wakamuuliza watoto wangapi, akajibu mmoja, wakampa pole, akasema amepoa. Wakamuuliza baridi. Wakamuuliza mkewe yuko wapi, akasema hayupo, alifariki, miaka minne sasa, na ua mzima ukasema "makiwa" kwa sauti ya chini. Safari hii palikuwa na wa kuambiwa. Bwana Joakim hakulijua neno hilo, lakini aliinamisha kichwa kama mtu aliyelijua. Kisha Dama, akiwa amekwishatoka sufuriani, akauliza huyo binti wa Kwale ni wa nani, na alipotajiwa jina akapiga paja. "Hao! Baba mtu hasikii sikio la kushoto. Kaa kulia kwake, baba, usipoteze salamu zako!" Mwalimu akamfasiria, na Bwana Joakim akaandika.

Kipindi cha saa moja kilichukua saa moja na dakika arobaini. Aliyeaga mwisho alikuwa yeye mzee, maana alikuwa hajafundishwa kuaga na kila alipojaribu aliulizwa jambo jingine.

Wakati wakingoja jibu la shule, kwa kuwa wanachama wote wa Tuliza Moyo walikuwa wameshafika, Mwanarusi alifungua mkutano. Hoja ilikuwa moja: sufuria zihame au kisanduku kihame. Mwalimu alisema yuko tayari kuukabidhi utunzaji wa vyombo, na alipolisema alitazama pembeni. Hawakumwachia amalize.

"Sufuria zina miaka kumi na moja humu," alisema Mwanarusi. "Kisanduku ndicho mgeni. Morgan akija Jumamosi akipandishe sebuleni, na atapigilia msumari ukutani, Mwalimu apende asipende. Nani anapinga? Hakuna. Chemsheni chai, sukari ipo."

Chai ilikuwa haijachemka laptopu ilipolia. Mwalimu aliisoma barua kimya, mara mbili, na mtaa mzima ukisoma uso wake. Kisha akaisoma kwa sauti, akiifasiri huku anaisoma: mwanafunzi amekataa kuhamishwa kwa mwalimu mwingine yeyote. Darasa la watu wanane linaanza Jumatatu. Shule ingependa kujua, kama inawezekana, iwapo wale wasaidizi wake ishirini na watatu watakuwepo pia.

Mwanarusi ndiye aliyeanza vigelegele. Dama akavipokea, kisha ua mzima, kisha mtu akageuza sinia akaanza kulipiga, na wengine wakafuata, masinia sitini yanatosha watu wengi.

Ng'ambo ya njia mwendesha bodaboda alikuwa amesimama dukani kununua maji. Alitazama sufuria za matanga, mikeka, kuni, wanawake wanaocheza.

"Kuna nini pale?" alimuuliza Luqman.

Luqman alikuwa bado hajaambiwa kwamba anaweza kusema. Alitikisa kichwa. "Ni Mwalimu," alisema hatimaye.

Kijana akavua kofia ya pikipiki kwa heshima. Akasikiliza vigelegele muda kidogo.

"Alikuwa mwalimu wa hesabu?"